Zamu ya Papa Mukendi

Kila jioni kabla ya kufunga duka, Tharcisse alirudisha ndani makayabu, samaki wake wa chumvi, kwanza, kisha ndizi, kisha gunia la unga wa muhogo. Papa Mukendi alimsaidia kubeba gunia. Wote wawili walikuwa wa Likasi, kule Kongo, walisoma darasa moja kwa mapadri, na Tharcisse ndiye aliyemsimamia mtoto wa Mukendi kwenye ubatizo, kwa hiyo gunia lilibebwa bila kuombwa wala kushukuriwa. Baada ya hapo Tharcisse aliwasha mashine ndogo ya joto, kwa kuwa samaki huyo akishika unyevu wa Brussels haliki tena, na Mukendi akanawa mikono kwenye bomba la saluni ya Tatiana. Akavaa koti lake zito la bluu, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akasema kwa sauti ya kusikika galerie nzima, ujia wote ule wa maduka chini ya paa moja:

"Bon. Mi naenda kwa zamu."

"Kazi muzuri, papa sentinelle!" wakaitikia wasusi, wauza nywele na wauza mafuta ya mawese, kila mtu kutoka mlangoni pake.

Hapo Matonge, mtaa wa Wakongo, ilijulikana kwamba papa Mukendi alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo moja la ofisi kule Evere. Hakuna aliyewahi kuliona jengo hilo, na hakuna aliyeuliza. Mukendi alikwenda mpaka kituo cha basi, akapunga mkono, akasubiri hadi watu wa galerie wamegeuza nyuso zao, kisha akazunguka kona na kurudi kwa miguu mpaka kwenye nyumba ya kulala ya bure iliyokuwa nyuma ya kanisa. Hapo alikuwa na kitanda. Kilikuwa cha mwisho kwenye safu, ubavuni mwa bomba la joto, na wahudumu walikuwa wamemzoea hata wakaacha kumwuliza jina.

Aliyemsumbua ni Rolande peke yake. Rolande aliuza nywele za bandia na kwake kulikuwa Evere kweli. Jioni moja alifika kituoni mapema, akamshika mkono, "Papa, tuende pamoja," na Mukendi, kwa kukosa pa kutokea, akapanda basi. Walikwenda mpaka Evere wakizungumza juu ya bei ya viazi. Mukendi akashuka mbele ya jengo la kwanza lenye vioo vingi, akaaga kama mtu anayechelewa kazini, na usiku huo alifika kitandani kwake miguu ikiwaka moto.

Mtu asije akadhani alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Mke wake alipofariki, mwenye nyumba kule Saint-Gilles aliuza jengo zima, na aliyenunua akalipandishia kodi mpaka mahali ambapo pensheni ya Mukendi haikufika hata kwa kuruka. Mtoto wake Guylain yuko Montréal na ana watoto wake. Kusema "sina pa kulala" mbele ya watu wa kwenu ni kuvua nguo sokoni. Mtu mmoja, hakumbuki nani, alimwita sentinelle kwa sababu alimwona akipita asubuhi mapema na macho mekundu, na Mukendi akaliokota jina hilo upesi sana. Lilikuwa kilemba cha ukoka, lakini kilemba.

Ndipo ikaja habari ya kura.

Manispaa ilitaka kuongeza senti chache juu ya kila kitu kinachonunuliwa madukani, na fedha hizo ziende kwa watu wasio na makazi, kwenye vyumba vya kuogea, kwenye kliniki za watoto. Kwa kuwa hakuna mwanasiasa anayependa kodi iitwe kwa jina lake, wakaamua kuuliza wakazi na wenye maduka wote, ndiyo au hapana, siku ya Jumapili, kwa karatasi ya siri. Galerie nzima waliiita taxe ya kitanda. Kwenye mlango wa nyumba ya kulala wakabandika tangazo fupi: hapana ikishinda, nyumba itafungwa mwisho wa mwezi. Mukendi alilisoma akiwa amesimama, kisha akalisoma tena akiwa na kijiko cha supu mkononi.

Chama cha wenye maduka kikaitisha mkutano ndani ya saluni ya Tatiana, watu wakakaa mpaka chini ya vikaushio vya nywele. Mwenyekiti alikuwa Tharcisse. Rolande hakungoja kupewa nafasi.

"Mi nitapiga hapana, na ninasema wazi," alisema. "Bakiliya bataenda kununua fasi ingine. Na tena, sisi Bakongo hatulale inje. Nani wa kwetu analala inje? Munionyeshe mumoja. Ile ni mambo ya Bazungu, banaacha bazazi yabo. Alors, mi nilipe juu ya nini?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mukendi alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Alitikisa kichwa kukubali, pamoja na wengine, kwa sababu ndivyo kichwa kinavyofanya vichwa vingine vyote vikitikisika.

Kesho yake aliingia kwa Tharcisse, akasubiri mteja atoke, akamwambia. Hakuna haja ya kurudia alivyosema, maana alisema vibaya, akianzia mwisho. Lakini alisema yote: Saint-Gilles, kanisa, kitanda, basi. Mficha uchi hazai, na Mukendi alikuwa ameuficha mpaka akachoka. Tharcisse aliacha kisu juu ya samaki. Machozi yalimtoka kweli, na Mukendi aliyaona kwa macho yake mwenyewe, ndiyo maana baadaye iliuma vile ilivyouma.

"Mukendi. Ndugu yangu. Mbona haukusema?"

"Nimesema sasa."

"Hii galerie yote itapiga ndiyo. Nitazungumuza na kila muntu, moja moja, bila kutaja jina yako. Na mi mwenyewe..." Tharcisse akatoka nje, akainua mkono, akaushika mlango wake wa chuma, ule wa kukunja ambao kila mtu huko anauita volet. "Mi kama ninadanganya, hii volet isishuke tena."

Alikwenda duka kwa duka kama alivyoahidi. Tatiana alisema ndiyo. Muuza mafuta ya mawese alisema ndiyo, papa, ni ubinadamu. Nusura, mama wa Kitanga aliyeuza vitenge na kujiona balozi wa Tanzania hapo galerie, alisema, "Hilo nalo la kuuliza? Ndiyo." Hata wale waliocheka mkutanoni walisema ndiyo. Rolande alisema hapana na kuongeza kwamba mwenyekiti aache kumpotezea muda, ana wateja. Mukendi, kila alipopita, alipokea ndiyo hizo kwa kuangalia tu namna watu walivyomsalimu. Ijumaa hiyo alipandisha zipu yake, akaenda kulala, akalala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Jumapili walipiga kura. Jumatatu, karibu na saa tisa mchana, simu zote zikalia kwa pamoja. Hapana ilikuwa imeshinda, na haikushinda kwa kuponea chupuchupu.

"Bazungu bametuangusha," Tharcisse alitangaza kutoka mlangoni pake, mikono kiunoni.

"Bazungu habana roho," akasema muuza mafuta ya mawese.

"Pole, papa," Tatiana akamwambia Mukendi, ingawa hakuna aliyemwambia kwa nini Mukendi apewe pole. Akamletea chai ya maziwa. Mukendi akainywa na kukubali kwamba Wazungu hawana roho, ingawa wahudumu wa nyumba ya nyuma ya kanisa walikuwa Wazungu watupu na asubuhi ile mmoja wao alikuwa akilia jikoni.

Jioni ikafika. Tharcisse akarudisha makayabu, akarudisha ndizi, Mukendi akabeba gunia. Tharcisse akavuta volet yake na volet haikushuka. Akavuta kwa mikono miwili. Akaning'inia juu yake na tumbo lake lote, ambalo si dogo, miguu ikaacha sakafu, na volet ikabaki ilipo. Akageuka kumwomba Tatiana fimbo, akamkuta Tatiana naye ananing'inia. Muuza mafuta ya mawese alikuwa juu ya kiti. Galerie nzima, kushoto na kulia, watu walikuwa wakivuta milango yao, na milango imetulia juu.

Nusura alivuta yake kwa kidole kimoja, ikashuka. Akafunga kufuli, akawatakia jioni njema, akaenda zake.

"Ni maombi ya Waislamu," akasema mtu.

Kisha Rolande akatoka kwake na mkoba begani. Akavuta, ikashuka kwa mlio mmoja mpaka chini. Rolande hakuwa Mwislamu, na kwa habari ya maombi ya aina yoyote hakujulikana nayo. Watu wakamtazama, wakatazamana, kisha kila mmoja akaanza kuangalia kitu fulani ndani ya duka lake.

Mukendi alisimama katikati ya galerie na gunia lake la unga, maana alikuwa amesahau kulitua. Rolande alisema hapana. Nusura alisema ndiyo. Alipiga mahesabu hayo mara moja tu, kwa sababu hayakuwa magumu. Akamwangalia Tharcisse, na Tharcisse akaangalia dari.

"Ni baridi," Tharcisse akasema. "Chuma inashikwa na baridi."

Mukendi akatua gunia, akavaa koti. "Naenda kwa zamu," akasema, na safari hii zipu ikakwama kifuani. Alivuta, akatema mate kidogo kwenye meno ya zipu, akavuta tena. Koti lenyewe lilikuwa zawadi ya Tharcisse tangu majira ya baridi ya mwaka jana, si jipya. Akaenda nalo wazi hivyo hivyo.

Asubuhi alikuja fundi wa volet, Mbelgiji mnene mwenye ngazi. Alipanda, akatazama, akagusa minyororo, akashuka bila kufungua hata skrubu moja.

"Hazina ubovu," akasema. "Mlipiga kura Jumapili?"

Wakakubali kwamba walipiga.

"Basi ndiyo hiyo. Nimeshapita kwa muuza mikate hapo barabarani na kwenye duka la dawa. Mwaka ule wa kura ya maegesho ya magari ilikuwa hivi hivi, ila ilikuwa ni milango ya gereji." Akakunja ngazi. "Grisi haisaidii. Mtu akienda kwa yule aliyemdanganya akamwambia ukweli, mlango unashuka. Ni kazi ya dakika moja."

"Na wengine banafanya namna gani?" Tharcisse akauliza.

"Wengi wanatafuta mlinzi."

"Ipi rahisi?"

Fundi akafikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa juu ya vipuri. "Mlinzi," akasema, akadai ujira wa kuja, akaondoka.

Wiki hiyo yote Mukendi alingoja. Hakuwa na hasira bado. Alijiambia kwamba dakika moja si kitu, kwamba mtu aliyemshika mtoto wake juu ya maji ya ubatizo atakuja. Alikaa sana dukani kwa Tharcisse ili kumrahisishia. Akachelewa kuondoka jioni. Mara mbili Tharcisse alikohoa, akaweka kisu chini, akasema, "Mukendi," na Mukendi akasema, "Niko hapa," na Tharcisse akamwomba amsogezee katoni. Tatiana naye alimshika mkono siku moja pale kwenye bomba. "Papa," akasema. "Papa, nitakuletea chai." Mukendi akanywa chai. Alipata chai nyingi zaidi wiki hiyo kuliko wiki yoyote ya maisha yake. Usiku watoto wa wenye maduka walilala madukani kwa zamu wakinung'unika, na mchana mama zao wakasema hali hiyo haiwezi kuendelea.

Mwisho wa mwezi nyumba ya nyuma ya kanisa ikafungwa. Mukendi alikunja shuka za kitanda cha mwisho, akapeana mikono na wahudumu, akatoka na begi lake. Usiku wa kwanza alizunguka na tramu mpaka zilipoisha, kisha akakaa kwenye kituo cha treni cha Gare du Midi, wima, begi katikati ya miguu. Asubuhi akaja galerie kama kawaida, macho mekundu.

Jioni Tharcisse alimngoja mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi, na nyuma yake walisimama Tatiana, muuza mafuta ya mawese na wengine, kama watu waliokuja kuposa. Amefika, akawaza. Ameamua kusema mbele ya wote, na hiyo ni heshima kubwa zaidi. Akajiona tayari amemsamehe. Akakumbuka hata maneno ya kusamehe yanavyosemwa kwao, akayaweka tayari ulimini.

"Mukendi, ndugu yangu," Tharcisse akaanza. "Tuko na neno moja. Sisi wote."

"Sema tu, mon cher. Mi nasikia."

"Hizi volet, unaona vile ziko. Sasa sisi tumefikiri. Kutafuta muntu wa inje, hatumujue, ataiba. Lakini tuko na muntu wetu. Weye uko na expérience. Miaka yote ile, Evere, zamu, kila usiku, bila kusinzia." Tharcisse alisema hayo akiitazama zipu ya koti la Mukendi. "Donc tunakuomba uache ile ya Evere. Kuja uwe sentinelle ya kwako, kwa batu ya kwako."

Watu wakapiga makofi. Mmoja alikuwa amenunua kiti kipya, cha plastiki, cheupe, akakitoa.

Tharcisse peke yake ndiye aliyeambiwa kwamba hakuna Evere. Alikuwa ameupokea ukweli kwa machozi, akauweka mahali, na sasa alikuwa amechukua uongo wa Mukendi mwenyewe na kumrudishia mbele za watu, umefuliwa na kupigwa pasi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikuwa kimemnunulia hata nguo yenyewe. Mukendi angeweza kusema, "Unajua vizuri nalala wapi." Alifungua mdomo. Akawaona wote wamemtazama kwa upendo, kweli kwa upendo, na akaona kwamba akisema neno hilo atakuwa amevuliwa nguo yeye kwanza.

"Nitakaa ndani?" akauliza tu. "Kwa samaki?"

"Ah, non. Assurance, batu ya bima, haikubali. Sentinelle anakaa inje, ndiyo anaona milango yote."

"Sawa," akasema Mukendi.

Wakamshukuru mmoja mmoja. Tatiana alimwekea termosi ya chai chini ya kiti. Tharcisse alimkumbatia, na kumbatio lake lilikuwa zito na la muda mrefu, la mtu aliyeshusha mzigo. Kisha wakaondoka, wakaacha taa zikiwaka na volet juu, huku wakisema kwamba mwishowe jambo limekwisha vizuri.

Rolande alikuwa wa mwisho kufunga. Alimalizia kuchana wigi moja, akaliweka juu ya kichwa cha plastiki, akatoka na mkoba begani. Akamkuta Mukendi kwenye kiti cheupe, mikono miwili imeushika ukosi wa koti.

"Papa, funga koti yako. Utapata ugonjwa."

"Haifunge."

Rolande akamtazama. "Na ile kazi ya Evere, banakuachilia namna gani mbiombio vile?"

Mukendi alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, lenye mkurugenzi na likizo ndani yake. Lakini alikuwa amechoka, na huyu mwanamke hakuwa amemwahidi kitu chochote.

"Haikukuwa kazi," akasema. "Nilikuwa nalala kwa ile nyumba ya nyuma ya kanisa. Sasa imefungwa. Sina fasi ya kulala, Rolande."

Rolande aliweka mkoba chini.

"Ile siku tulipanda basi pamoja," akasema, "nilikuona kwa dirisha. Ulivuka barabara, ukaanza kurudi na miguu. Nikasema, labda amesahau kintu. Sikuuliza."

"Hapana, haukuuliza."

"Kwa réunion, kule kwa Tatiana, ningejua..." Akaacha. Yeye hakupenda kusema asichokijua, kwa hiyo akalifikiri jambo hilo vizuri, amekunja uso, kama anavyofikiri bei. "Hapana. Hata ningejua, ningepiga hapana. Bakiliya bangeenda kwingine."

"Aksanti," akasema Mukendi, na alimaanisha.

Akashika zipu bila kufikiri, akavuta, ikapanda mpaka kidevuni.

Rolande akavuta volet yake ikashuka. Akafunga kufuli, akamtakia usiku mwema, akaenda kuwahi basi la Evere. Mukendi akageuza kiti ili aone milango yote vizuri, kama alivyoelekezwa. Duka la Tharcisse lilikuwa mbele yake, wazi, taa zinawaka. Gunia lilikuwa limeegemea ukuta pale alipolitua. Makayabu yalikuwa yamepangwa kwenye safu yao, na ubavuni mwake mashine ndogo ya joto ilikuwa ikiunguruma, ili yasishike unyevu.